Skrubu Moja Iliyolala

Katika maisha yangu nimemsikia baba akisema "hiyo ni kazi" mara tatu. Ya kwanza alimwambia fundi bomba aliyeziba bomba la choo chetu bila kuangusha tone sakafuni. Ya pili alimwambia daktari aliyemng'oa jino. Ya tatu alimwambia paka wa jirani, aliyekuwa amekamata panya wawili kwa mpigo. Mimi ni bintiye wa pekee, na ni fundi umeme kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Paka amenitangulia.

Sisemi haya kwa kulalamika. Basi, nalalamika kidogo.

Baba alikuwa fundi umeme wa jengo la ofisi za maji, jengo la ghorofa saba, kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuhamishwa, hakupandishwa cheo, na hakuomba. Kazi yake ilikuwa moja tu: taa ziwake na zisipepese. Taa ikipepesa ghorofa ya sita naye yuko chini anakunywa chai, chai iliachwa ikapoa. Watu wa ofisini walimwita Mzee Wima tangu akiwa bado kijana mwenye nywele, na jina hilo lilitokana na skrubu.

Ukitazama swichi yoyote ya zamani ukutani utaona kifuniko chake kimeshikwa na skrubu mbili, na kila skrubu ina mstari kichwani, pale bisibisi inapoingia. Mafundi wengi hukaza, wakajifuta jasho, wakaondoka. Baba hukaza, kisha huisogeza skrubu mbele kidogo mpaka ule mstari usimame wima. Mbele, si nyuma, kwa sababu ukirudisha nyuma umelegeza. "Skrubu iliyolala," hupenda kusema, "imefungwa na fundi aliyelala." Katika ghorofa zote saba, vyoo na stoo zikiwemo, hukuti mstari uliolala hata mmoja. Fundi mmoja aliyewahi kuliona hilo ndiye aliyempa jina; wengine walilitumia bila kujua lilikotoka, na Baba hakumwambia mtu.

Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nikimshikia ngazi. Nilianza nikiwa na miaka tisa, wakati wa likizo. Kwa Baba, kushika ngazi kuna sheria zake: hutazami pembeni, huzungumzi, hujikuni. Siku moja nzi alinitua puani nikampunga kwa mkono mmoja. Baba alishuka pole pole, akanirudisha nyumbani, akaenda kuendelea na kazi peke yake. "Aliye juu ndiye fundi," aliniambia jioni. "Wa chini kazi yake ni kumwamini na kutulia." Nilimaliza chuo cha ufundi nikiwa wa pili darasani, nikarudi nyumbani na cheti. Baba alikisoma mbele na nyuma, kisha akapanda ngazi kubadilisha taa ya jikoni, na mimi nikashika. Hajawahi kumshikia mtu ngazi, na mtu hakuwahi kumwomba.

Lazima niwaeleze pia habari ya chumvi, maana bila chumvi huwezi kumwelewa baba yangu. Mama yangu si mpishi mbaya, lakini tangu nipate akili mchuzi wake umekuwa ukipungukiwa chumvi, kidogo tu. Baba huonja, hukunja uso, husema, "Chumvi." Mama husogeza kopo. Baba hunyunyiza, huonja tena, na uso humfunguka. "Sasa chakula," husema, na anakula mpaka kusafisha sahani. Nilipokuwa msichana nilimwuliza Mama kwa nini asitie ya kutosha tangu jikoni. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, baba yako hawezi kupenda kitu mpaka akirekebishe kwanza," alisema. "Nikimpa kilichokamilika atakula kimya kama yuko msibani. Ya nini? Mwachie kitu cha kurekebisha, uone."

Baba alistaafu miaka sita iliyopita. Mwaka wa nne wa kustaafu kwake mimi nikaacha kuweka umeme majumbani, nikaingia kwenye taa za LED zinazobadilika rangi, zile zinazofungwa nje ya majengo mpaka ukuta mzima unakuwa picha. Nilianza na hoteli, nikafanya daraja, nikafanya hospitali ya macho, ambako waliniomba rangi ziwe za upole. Baba aliziita disko.

"Taa inayobadilika rangi ni taa inayoumwa," alisema. "Mimi nimekula miaka thelathini na mmoja nikizuia taa zisifanye hivyo. Wewe unalipwa ili zifanye."

"Baba, ni sanaa."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jengo zuri halihitaji kujipaka rangi usiku."

Tangu siku ile hakuniuliza tena habari za kazi. Aliniuliza habari za afya, za gari, za mvua. Miaka miwili nilimwamkia "shikamoo, Baba," nikajibiwa "marahaba, gari linasemaje?" Sikufichi, iliniuma. Mtu akikufundisha ufundi kisha akakataa kuutazama, ni kama amekuazima mkono halafu anajifanya hakujui.

Halafu nikapata kazi ya jengo la ofisi za maji.

Sikuiomba kwa kumkomoa. Mchoraji aliyepewa kubuni picha ya taa ya ukuta ule ndiye aliyeniita, mwanamke mrefu anayetembea na miwani mitatu shingoni na haoni kwa yoyote. Sisi tulimwita Msanii, mbele yake na nyuma yake. Wazo lake lilikuwa zuri, hata mimi nisiyesifu ovyo nilikubali. Ukuta wa mbele wa jengo ungefuata kiasi cha maji kilichomo kwenye tangi kuu la mji. Tangi likijaa, ukuta mzima ni bluu inayotembea taratibu kutoka chini kwenda juu. Maji yakishuka hadi nusu, kijani. Yakipungua zaidi, rangi ya machungwa. "Watu watatafakari uhusiano wao na maji," alisema Msanii. Nilimwambia watu watajaza ndoo. Akaandika kwenye daftari lake kwamba nimesema jambo la maana sana.

Nilimweleza Baba mezani. Aliweka kijiko chini.

"Jengo lipi?"

"La ofisi za maji, Baba."

"Ukuta wa mbele?"

"Ndiyo."

Akaondoka mezani, akaenda kulala. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na jua lilikuwa kali. Mama alisogeza kopo la chumvi mbele ya kiti kitupu, akalirudisha.

"Atakuja kutazama?" nilimwuliza.

"Muulize aliyemzaa," alisema Mama.

Hapo ndipo nilipojua ninachotaka. Nilishasifiwa na meneja wa hoteli na daktari wa macho, na sifa zao ziliishia masikioni. Nilitaka baba yangu aje, asimame mbele ya ukuta wake, atazame kazi yangu, na akubali kuwa ni kazi. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, na bado nalilia sifa kwa baba. Ndivyo ilivyokuwa, nitasemaje?

Tulikuwa na taa elfu moja mia moja na ishirini. Kila moja ni kijiti cha urefu wa mkono, kina namba yake, na kinafungwa ukutani kwa skrubu nne. Namba ni muhimu kwa sababu kompyuta haioni ukuta, inaona namba tu. Ukikosea, bluu itapanda mpaka ghorofa ya tatu kisha ianze tena kwenye choo cha ghorofa ya kwanza. Msaidizi wangu mkuu alikuwa mtu wa makamo tuliyemwita Kamba, kwa kuwa alizoea kuning'inia kwa kamba enzi za kuosha vioo vya maghorofa, ingawa siku hizi tunatumia gari lenye kikapu kinachotuinua mpaka tunapotaka. Kamba ni fundi mzuri na mlalamishi mzuri pia.

Siku ya kwanza kikapuni alinikuta nikikaza skrubu, nikisimama, nikiisogeza tena.

"Imelegea?" aliuliza.

"Haijalegea. Imelala."

Skrubu hizi za kisasa hazina mstari mmoja, zina msalaba. Nilikuwa nimekesha na swali hilo kichwani, kwamba Baba angesema nini juu ya msalaba, na sikuwa na wa kumwuliza kwa sababu mwenye jibu alikuwa anauliza habari za gari. Mwishowe nilijiamulia: msalaba usimame kama alama ya kujumlisha, usilale kama alama ya kuzidisha. Nilimweleza Kamba. Akatazama chini, ghorofa tano, ambako watu walikuwa wadogo kiasi cha kutotambulika.

"Nani atakuja kuziona huku juu? Njiwa?"

"Kaza, Kamba."

"Skrubu ngapi zote?"

"Elfu nne mia nne na themanini."

Kamba alinyamaza kwa siku mbili, jambo ambalo mkewe alinipigia simu kunishukuru. Lakini alizisimamisha. Kufikia mwezi wa pili alikuwa mkali kuliko mimi. Nilimkuta akimrudisha mwenzetu mmoja ghorofa ya nne kwa ajili ya skrubu mbili za kuzidisha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi viatu aliyekuwa akitutazama tangu siku ya kwanza, na siku moja alinisimamisha akaniuliza kwa nini ukuta ule unachukua muda mrefu hivi. Nilimwambia tunasimamisha skrubu. Alitafakari, akasema hata yeye kuna nyuzi anazozishona ndani ya soli.

Miezi mitatu ikaisha. Siku ya mwisho, mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilibaki peke yangu mbele ya ukuta. Safu ya chini kabisa ya taa ilikuwa karibu na lango, pale mtu aliyesimama chini anapofikia kwa mkono. Nilimpima Baba kwa macho ya kichwani, urefu wake na jinsi goti lake linavyomfanya aegemee kushoto. Nikachagua taa iliyo usawa wa kifua chake. Nikatoa bisibisi, nikachukua skrubu ya juu, upande wa kulia, nikaisogeza mbele mpaka msalaba ukalala. Kuzidisha. Moja kati ya elfu nne mia nne na themanini. Nikatazama kulia na kushoto kama naiba.

Nilikuwa nimemwachia chumvi.

Kulikuwa na kadi za mwaliko. Ya Baba niliichomeka chini ya redio, na kwa siku tano aliinyanyua redio, akafuta vumbi, akairudisha juu ya kadi. Jioni yenyewe nilikuwa tayari kazini, kwa hiyo yaliyotokea nyumbani nimeyapata kwa Mama. Alivaa, akajitanda, akasimama mlangoni.

"Mimi naenda kumwona mwanangu," alimwambia. "Chakula kipo jikoni. Sijatia chumvi hata chembe, na kopo sijui nimeliweka wapi."

Baba alikaa kidogo. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akatoka amevaa koti lake la kazi la rangi ya kaki, lile la miaka thelathini na mmoja, na testa, ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme, imechomekwa kwenye mfuko wa kifuani.

Niliwaona wakiingia jua lilipokuwa linazama. Watu walikuwa kama mia mbili, wamesimama barabarani na kwenye ngazi za jengo. Mkurugenzi wa ofisi za maji alisema maneno, Msanii akasema maneno marefu zaidi, na neno "kutafakari" lilitajwa mara saba. Kisha nikabonyeza kitufe.

Tangi lilikuwa limejaa siku ile. Bluu ilianza chini, ikapanda ghorofa kwa ghorofa, taratibu, bila kuruka, ikafika paa, ikatulia, ikaanza kutembea. Watu walifanya "aaa" kwa pamoja. Nimefanya kazi hii muda mrefu, lakini "aaa" yangu ilikuwemo. Karibu yangu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, "Bluu. Basi kesho nafua mapazia." Msanii alikuwa analia kwa miwani yote mitatu.

Mia mbili walikuwa wametazama juu. Mmoja alikuwa ametazama ukuta. Baba aliwapita watu, akavuka kamba ya kuzuia watu, mlinzi akataka kumzuia kisha akamtambua akampigia saluti. Akafika kwenye safu ya chini, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa, akaanza kwenda taa moja baada ya nyingine, kidole kikipapasa skrubu. Bluu ilipita juu ya upara wake, ikaondoka, ikarudi. Kwa watu waliokuwa nyuma nadhani alionekana kama mzee aliyepoteza kitu.

Nilimfuata, nikasimama nyuma yake. Taa ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Kwenye ya kumi na nne kidole kilisimama.

Nikasubiri akunje uso. Hakukunja.

"Umeamua kujumlisha," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, Baba. Sikuwa na wa kumwuliza."

"Ni sawa. Kujumlisha ndiyo wima." Kidole kilikuwa bado pale. "Hii umeniachia mimi."

Nilitaka kukataa.

"Umejuaje?"

"Mtu aliyesimamisha zote hizi hawezi kusahau moja, tena iliyo mbele ya kifua changu. Na umeilaza kwa kwenda mbele, kichwa kimezama kuliko wenzake. Fundi mvivu angeiacha nyuma." Akatoa testa mfukoni. "Umefundishwa na mama yako."

Nilimtupia Mama jicho kule barabarani, Baba akaliona.

"Mama yako ananipunguzia chumvi tangu mwaka tuliooana. Anadhani sijui."

"Miaka yote hiyo? Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia, angeacha."

Aliingiza ncha ya testa kwenye msalaba, kwa taratibu ileile niliyoikodolea macho nikiwa chini ya ngazi, akaisogeza skrubu mbele, nusu ya robo. Ikasimama. Akaifuta kwa kidole gumba. Ndipo, kwa mara ya kwanza jioni ile, baba yangu akarudi nyuma hatua sita, akainua uso akautazama ukuta.

Aliutazama muda mrefu. Mama alikuja akasimama kando yake. Kamba naye akasogea. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu, nangoja maneno matatu, yale aliyoyapata paka. Msanii aliamua kuwaonyesha wageni rangi nyingine, akageuza ukuta ukawa kijani, kisha rangi ya machungwa, kisha bluu tena.

"Ghorofa ya pili," Baba alisema. "Juu ya dirisha la mhasibu. Ya tano kutoka kona."

"Imefanya nini?"

"Inachelewa."

Nilitazama, sikuona kitu. Kamba hakuona. Nilimwomba Msanii arudie kijani. Ukuta mzima ukageuka, taa elfu moja mia moja na kumi na tisa, na ile ya tano kutoka kona ikabaki bluu kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikawafuata wenzake. Kosa la kweli. Si chumvi ya mtu.

"Ni waya tu," nilisema. Masikio yalikuwa yamenipata moto. "Kiungio hakijakaa vizuri. Nitakishughulikia."

"Kesho asubuhi," Baba alisema, huku akirudisha testa mfukoni. "Uje na ngazi ile ndefu. Nitashika."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mama alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa akajishughulisha na ncha ya mtandio wake. Kamba, ambaye ni mkweli kupita kiasi, akavuta pumzi ili aeleze kwamba siku hizi hatutumii ngazi, tuna gari lenye kikapu, limeegeshwa pale pale nyuma ya jengo. Nilimkanyaga mguu.

"Sawa, Baba," nilisema. "Saa mbili."

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa kwa wapaka rangi wa mtaa wa pili, naazima ngazi. Baba alinikuta nimekwisha kuisimamisha, akaiangalia miguu yake, akachomeka kipande cha mbao chini ya mmoja, akaridhika. Kikapu chetu kilikuwa mita kumi kutoka pale, na hakuna aliyekitaja. Fundi viatu alisimamisha sindano.

Nikapanda. Kiungio kilikuwa kimeingia nusu, kosa langu mwenyewe, nakumbuka hata siku. Nikakichomoa, nikakisafisha, nikakirudisha mpaka kikalia tak. Nikafunga skrubu zote nne, mbele, si nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka zikajumlisha. Nilichukua muda, na kutoka chini hakuna aliyeniuliza nimefikia wapi.

Nilipotazama chini Baba alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, goti lake bovu limebanwa kwenye mguu wa ngazi, macho mbele, mdomo umefungwa. Nzi alikuwa ametua kwenye upara wake. Alitembea mpaka kwenye paji la uso, akasimama, akajisugua miguu, akashuka kwenye pua akaizunguka yote. Baba hakumpunga.